Kabla ya kisu, ini lipungue kwanza

Makete mtu akipungua mwili, majirani hawaulizi anakula nini. Huulizana pembeni anaumwa nini. Si kwa ubaya. Miaka ya nyuma ndiyo iliyowafunza. UKIMWI uliikumba wilaya hii mapema na kwa ukali, ukaacha kaya nyingi za bibi na wajukuu, na mpaka leo mkoa wa Njombe ndio wenye maambukizi ya juu kuliko mikoa yote nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliyakuta yakiwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Mahali palipozika watu wengi waliokonda, unene umekuwa cheti cha uzima.

Ndiyo maana agizo la madaktari kwamba mgonjwa mwenye unene uliokithiri apunguze kwanza kilo kadhaa, tena chini ya uangalizi, kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ni gumu zaidi kwa mtu wa Tandala, huku Makete, kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Hapambani na njaa peke yake. Anapambana pia na macho ya watu kanisani, sokoni na kwenye basi la kwenda Njombe.

Unene nao umeshapanda mlima. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-2016 uliwakuta wanawake 28 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa nchini wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2022 ulikuta wamepita theluthi moja. Utafiti huohuo wa 2022 uliwakuta asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa, katika mkoa unaolisha nchi viazi, mahindi na maparachichi. Mambo haya mawili yana undugu. Mtoto aliyedumaa hukua akiwa na mwili uliozoea kubana matumizi, na anapokuja kupata chakula kingi cha wanga na mafuta ukubwani, mwili huo huweka akiba ya mafuta kwa urahisi, hasa tumboni.

Kuna pia jambo la dawa. Tangu 2019 Tanzania imekuwa ikiwahamishia watu wanaoishi na VVU kwenye kidonge kimoja chenye dolutegravir. Ni dawa njema, inafubaza virusi haraka na maudhi yake ni machache. Lakini tafiti za Afrika Kusini na Kameruni zilizotoka 2019 zilionyesha kwamba baadhi ya wanaoitumia, wanawake zaidi, huongezeka uzito. Asiwepo wa kuacha ARV kwa sababu hiyo. Virusi vikirudi juu vitaua kabla ya mafuta kuua. Hata hivyo, mama aliyekuwa na kilo 60 akafika 95 anastahili kusikilizwa kliniki, si kuambiwa kwamba sasa amependeza.

Matibabu ya unene uliokithiri sasa yapo hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwenye tawi lake la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni mwaka 2022, na baadaye ikaingia kwenye upasuaji wenyewe. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kuanzia mwaka huohuo kabla ya kuchaguliwa 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alilifanya suala la uzito na sukari kuwa mazungumzo ya kila kijiwe. Puto huingizwa kwa mdomo likiwa limenywea, kisha hujazwa maji ya chumvi, kwa kawaida kati ya mililita 400 na 700, likakaa miezi sita hivi na kutolewa. Katika upasuaji unaofanywa zaidi duniani sasa, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula, akabakiza mrija mwembamba. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya kuamsha njaa, hamu ya kula nayo hushuka.

Basi mgonjwa anatoka Makete, anapanda basi hadi Makambako, anaunganisha safari ya siku nzima kwenda Dar es Salaam, anamwona daktari bingwa, na anaambiwa: nenda kapungue kwanza. Wengi huumia. Wanauliza, kwa haki kabisa: nimekuja kwa sababu kupungua kumenishinda, sasa mnanipa sharti la kupungua? Swali hili lisijibiwe kwa mkato. Jibu lake limo ndani ya tumbo.

Ini ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote vya ndani. Liko upande wa kulia, chini ya mbavu, lakini sehemu yake ya kushoto huvuka na kulala juu ya tumbo la chakula, hasa pale juu karibu na mahali koo la chakula linapoingia. Hapo ndipo daktari anapotakiwa kufanya kazi. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, ini mara nyingi huwa limejaa mafuta: limevimba, zito, kingo zake zimekuwa butu, na linachanika kirahisi. Upasuaji hufanyika kwa matundu madogo, kamera ikiingia kwa moja na vyuma vyembamba kwa mengine. Chuma kimoja kina kazi moja tu, kulinyanyua ini na kulishikilia juu kwa muda wote wa upasuaji. Ini lililovimba huziba njia kama pazia zito lililolowa. Daktari akilazimisha, litachanika na kutoa damu. Asipoona vizuri, anaweza kukata vibaya, au akaamua kuacha matundu madogo na kupasua tumbo lote, jambo linalorefusha kupona na kuongeza hatari ya kidonda kuoza.

Habari njema ni kwamba ini hupungua upesi kuliko kiuno. Wanga unaoliwa na kubaki huhifadhiwa humo kama glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hushika takriban gramu 3 za maji. Wanga ukipunguzwa sana, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache na maji yake hutoka. Kisha mafuta yaliyo ndani ya ini nayo huanza kuchomwa. Watafiti wa Australia waliopima maini kwa picha mwaka 2006, kwa watu waliokuwa kwenye mlo wa kalori chache kwa wiki 12, waliona sehemu kubwa ya kupungua huko ikitokea katika wiki 2 za mwanzo. Ndiyo sababu hospitali nyingi zinataka wiki mbili hadi nne tu za mlo mkali kabla ya siku ya upasuaji. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa karibu 300, nusu wakishika mlo huo wiki mbili na nusu wakila kama kawaida. Madaktari waliona kazi nyepesi zaidi kwa waliojinyima, na katika siku 30 za baadaye kundi hilo lilipata matatizo 8, la pili 18.

Hapa nitoe rai yangu. Wiki chache za kulipunguza ini zina sababu ya kitabibu. Kumzungusha mgonjwa miezi sita ili aonyeshe kwamba ana nia ni jambo jingine. Marekani kampuni za bima zililazimisha mipango ya namna hiyo kwa miaka mingi, mpaka chama cha madaktari wa upasuaji huu cha huko kikasema wazi, 2016, kwamba hakuna ushahidi kuwa inasaidia, na kwamba inachelewesha tiba. Sisi tunaoanza sasa tusiurithi ukiritimba huo. Mwanamke aliyekwishasafiri kutoka Tandala hadi Mloganzila ameshaonyesha nia.

Sasa, kwa nini chini ya uangalizi, wakati kila mtu anajua kujinyima? Kwa sababu ya dawa. Mlo huu huwa wa kalori 800 hadi 1,200 kwa siku. Mwenye kisukari anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi, akishusha chakula kwa kiasi hicho huku dozi ikibaki ileile, sukari yake inaweza kuporomoka usiku, akakutwa asubuhi hajitambui. Anayemeza dawa za presha, hasa zile za kukojoza, anaweza kusimama kutoka kitandani na kuanguka. Kupungua kwa kasi pia huchochea mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kwa hiyo dozi hupangwa upya kabla mlo haujaanza, sukari hupimwa mara nyingi zaidi, na mgonjwa hurudi kliniki. Anayevuta sigara huacha. Choo, kukoroma, damu, figo na tumbo lenyewe kwa kamera, vyote huangaliwa katika kipindi hicho.

Kwa anayetumia ARV kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Baada ya upasuaji atatakiwa kumeza kalsiamu, madini ya chuma na vitamini maisha yake yote. Kalsiamu na chuma huizuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, au vyote vimezwe pamoja na chakula. Mhudumu wa kliniki ya VVU na daktari wa upasuaji wasipoongea, virusi vilivyolala vinaweza kuamka kwa kosa la ratiba tu.

Kwenye chakula ndipo penye kazi kubwa nyumbani. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori takriban 360. Sima moja ya mtu anayetoka shambani kwenye baridi ya Makete huweza kuchukua unga gramu 250, yaani kalori 900 kabla mboga haijawekwa mezani. Hiyo peke yake inakaribia kumaliza posho ya siku nzima. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na mkono wa mpishi kwenye chupa ya mafuta hauhesabu vijiko. Parachichi, fahari ya Njombe, ni tunda jema kwa moyo, lakini nusu yake tu inaweza kufika kalori 160. Ulanzi nao unasimama kabisa, kwa sababu pombe inarudi kulichosha ini lilelile linalopumzishwa.

Ulaya na Marekani mgonjwa hupewa unga wa maziwa wenye protini na kuukoroga kwenye glasi. Huku milimani afisa lishe anaweza kupanga kilekile kwa mayai, maziwa yaliyoondolewa mafuta, maharage kidogo yasiyoungwa, dagaa, majani ya maboga, kabichi na mchicha vilivyochemshwa. Protini haipunguzwi, ndiyo inayozuia misuli isiliwe na mwili wenyewe. Chai hubaki, sukari huondoka. Siku tatu nne za mwanzo ni ngumu: kichwa kinauma, mwili una baridi, hasira iko karibu. Baada ya hapo wengi husema njaa imetulia.

Upasuaji huu si wa kila aliyenenepa. Hesabu ya kujua nani anafaa ni kilo zako ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 110 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 43. Vigezo vilivyotumika tangu 1991 vilitaka 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani na shirikisho la kimataifa la madaktari hawa walivishusha: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari na maradhi ya jamii hiyo. Mama wa kilo 110 akitakiwa kupungua asilimia 5, ni kilo 5 na nusu. Haziwezi kumfanya aonekane mgonjwa, lakini kwa ini lake ni nyingi.

Na hapa uangalizi unafanya kazi nyingine ambayo Makete inaihitaji kuliko mahali pengi. Kupungua kulikopangwa kuna daftari: uzito wa Jumatatu hii, uzito wa Jumatatu ijayo, kwenye mizani ileile. Kilo zikishuka kuliko ilivyopangwa, au zikashuka huku kuna kikohozi, homa na jasho la usiku, mhudumu anapima kifua kikuu mara moja badala ya kumpongeza mgonjwa. Wanafamilia nao waambiwe mapema kwamba mama yuko kwenye matibabu. Shemeji anayemletea sahani ya pili kwa huruma anaweza kuharibu wiki nzima bila kujua.

Haya yote hayahitaji Dar es Salaam. Kupima uzito, presha, sukari na utendaji wa ini, kupanga upya dozi, kumkalisha mgonjwa na afisa lishe: hospitali ya rufaa ya mkoa pale Njombe, hospitali ya Consolata Ikonda iliyo jirani na Tandala, au ya Makambako zinaweza kubeba kipindi hiki kwa mawasiliano na timu ya upasuaji, ili mgonjwa asafiri akiwa tayari. Kinachotakiwa ni barua ya rufaa inayorudi na majibu, na simu inayopokelewa pande zote mbili. Wizara ya Afya ilipange hilo sasa, wakati huduma bado ni changa.

Nawe msomaji, kama hesabu yako imepita 35, au umepita 30 na sukari haishuki kwa dawa, usianze mlo huu peke yako na usisubiri mpaka magoti yashindwe. Nenda hospitali iliyo karibu nawe ukiwa umebeba dawa zako zote kwenye mfuko, za kliniki, za duka na za mitishamba, uzimwage mezani mbele ya daktari kabla hujamweleza jambo jingine lolote.