Mbao Haipokei Amri: Useremala kwa Aliyestaafu

Siku ya kustaafu humfikia kila mtumishi, awe mwanajeshi, polisi au askari wa magereza. Nchini Uganda mtumishi wa umma hana budi kuondoka kazini atimizapo umri wa miaka 60, na wanajeshi wengi huondoka mapema zaidi kwa kadiri ya vyeo vyao. Hotuba husomwa, mikono hupeanwa, mizigo hupakiwa katika lori. Kisha hufika asubuhi ya kwanza ya nyumbani. Hakuna baragumu, hakuna gwaride, hakuna zamu. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka thelathini huamka saa ile ile, akaketi kitini, asijue la kufanya.

Jambo hili si dogo. Kuna mstaafu ambaye huanza kukagua jiko la mkewe kana kwamba anakagua bweni la kuruta, na mama aliyeilinda nyumba peke yake miaka yote ile huona amepata mkuu wa kambi badala ya mume. Mwingine huukimbilia mtungi wa malwa na mirija yake mirefu tangu adhuhuri, na kiinua mgongo chake huisha kama asali ya mchovya buyu. Wote wawili shida yao ni moja: mikono iliyozoea kazi imekosa kazi.

Katika gombolola ya Kirewa, upande wa magharibi wa wilaya ya Tororo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Busia jirani, anayerudi nyumbani hupokewa na jembe. Hilo ni jema. Lakini kilimo kina majira yake. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua na jembe hupumzika. Tena, mgongo wa mtu mzima haustahimili kulima kutwa. Useremala mdogo wa nyumbani, ufanywao kwa raha wala si kwa kukimbilia faida, huijaza nafasi hiyo vizuri. Miti ya kazi haiko mbali: mfenesi wenye mbao ya manjano, mwembe uliochoka kuzaa, mgrevilea wa mpakani na mkalitusi. Mvule ndio mfalme wao, kwa kuwa mchwa hauwezi kwa urahisi. Lakini mvule umepungua sana, na haifai kuuangusha kabla ya kumwona ofisa wa misitu wa wilaya.

ASKARI NA MBAO

Askari na mbao si wageni. Historia ya Wamunyu, katika Machakos nchini Kenya, husimulia habari za Mutisya Munge, Mkamba aliyepelekwa kusini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko alijifunza uchongaji kwa Wazaramo. Vita vilipokwisha mwaka 1918 alirudi kwao na ujuzi huo, na kutoka kijiji chake sanaa ya vinyago vya Wakamba ikaenea, hata ikawalisha watu wengi.

Mbali zaidi yuko Jimmy Carter, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi la majini kabla ya kuwa Rais wa Marekani. Alipotoka madarakani Januari 1981, waliokuwa wasaidizi wake walichanga fedha wakamnunulia vifaa vya useremala. Akarudi Plains, mji mdogo alikozaliwa, akaigeuza gereji yake kuwa karakana, akatengeneza viti, meza na hata kitanda chake yeye na mkewe. Baadhi ya vitu vyake viliuzwa kwa mnada ili kuchangia shirika lake, ambalo lilipigana na ugonjwa wa mnyoo wa Guinea katika Afrika, na Uganda ikiwamo. Uganda ilithibitishwa mwaka 2009 kuwa imeutokomeza. Carter alifariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

SOMO LA KWANZA: KUTII

Aliyezoea kuamuru hupata mafunzo mapya mbele ya mbao. Mbao haipokei amri. Ukiisukuma randa kinyume cha nyuzi zake, hung'oka vipande vipande. Ukiipigilia ikiwa mbichi, itajipinda baada ya miezi michache, na mlango uliofungika vyema wakati wa mvua hautafungika tena wakati wa kiangazi. Cheo hakisaidii hapo. Kinachosaidia ni kuitazama, kuigusa, na kungoja.

Kwa hiyo mwanzo mzuri ni kwa fundi wa kijijini. Mara nyingi fundi huyo atakuwa kijana wa umri wa mwana wa mstaafu. Kijana atamwita "afande" au "mzee" kwa heshima. Naye mzee hana budi kumwita "fundi" kwa heshima ile ile, na kushika ncha ya pili ya mbao anapoambiwa ashike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miezi miwili au mitatu ya kuinama hivyo hufaa kuliko mashine ya bei kubwa.

Kosa linalowagharimu wengi ni kutumia kiinua mgongo kununua mashine za umeme kabla ya kujua kunoa patasi. Vifaa vya mkono vinatosha: msumeno, randa, patasi mbili, nyundo, keekee ya kutobolea, skwea ya kupimia pembe, futi na kinoo. Meza ya kazi iwe nzito, isitikisike. Makali ya patasi yanolewe kwa mlalo wa nyuzi 25 hivi. Patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa kuwa humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza hukutana na kiganja.

Kukausha mbao kunadai subira. Mbao zipangwe juu ya magogo, mbali na udongo na mchwa, chini ya paa lisilozuia upepo. Baina ya mbao na mbao ziwekwe fito nyembamba zilizo sawa, na juu yake mawe mazito ili zisijipinde. Ncha zipakwe rangi, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi nchani, na hapo ndipo nyufa huanzia. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene, ingawa penye joto na upepo hukauka mapema zaidi.

Afya nayo isisahauliwe. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limelihesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuumiza pua na mapafu. Kazi ifanywe penye hewa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na wajukuu wakae mbali wakati wa kupiga msasa. Wakati wa randa waweza kukaribia: maranda marefu ni mchezo wao, na baadaye ni kuni za kuwashia moto.

VITU VYA KUANZIA

Kitu cha kwanza na kiwe kigoda. Kigoda chenye miguu mitatu hakiyumbi hata kama sakafu ni ya udongo usio sawa. Cha pili kiwe kichanja cha kuanikia vyombo, ambacho mabwana afya hukihimiza kila siku; mama wa nyumba ndiye aseme kimo chake, maana ndiye atakayeinama mbele yake. Cha tatu, kwa aliyekwisha kujiamini, ni mzinga wa nyuki wa namna iliyobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, wenye vijiti vilivyopangwa juu kimoja kando ya kingine. Kila kijiti huwa na upana wa milimita 32. Kikizidi au kikipungua, nyuki huunganisha masega, na kurina huwa kazi ya kubomoa. Hapa mstaafu hupimwa na mdudu.

Suala la kuuza linahitaji busara. Mstaafu ana pensheni. Fundi kijana wa kijijini hana. Mzee akiuza kiti kwa bei ya kutupa, anamnyang'anya mwalimu wake chakula cha watoto. Kwa hiyo atengeneze kwanza vya nyumba yake, kisha madawati ya shule na viti vya kanisa au msikiti. Akiuza, auze kwa bei ile ile ya wengine.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji kutafutwa. Mwenye msumeno na mbao kavu kijijini hugongewa mlango usiku, jirani akiwa amefiwa. Huhitajika jeneza kabla ya jua la kesho kuwa kali, wakati mwingine jeneza dogo. Ni vyema kuweka mbao chache kando kwa ajili hiyo, zisiguswe kwa kazi nyingine. Usiku ule fundi kijana na mzee hufanya kazi pamoja chini ya taa, mmoja akipima na mwingine akikata, na asubuhi hakuna anayedai malipo. Mtu aliyeona vifo vingi katika utumishi wake hujua namna ya kufanya kazi hiyo kwa utulivu, na jirani hawamsahau.

Walio bado kazini wasingoje barua ya kustaafu. Samaki mkunje angali mbichi. Katika likizo ijayo, askari akifika nyumbani, na amtembelee fundi wa kijiji chake, amwombe kumshikia mbao. Akirudi kambini na anunue patasi moja nzuri, na kinoo. Mwaka unaofuata anunue randa. Hivyo siku ya lori la mizigo itakapofika, ndani yake kutakuwa na sanduku la vifaa ambavyo mikono yake imekwisha kuvijua, na asubuhi ya kwanza ya nyumbani itakuwa na kazi yake.