Rejeta Kupata Moto Bila Kuwashwa

Ni Julai, mjini Birmingham. Joto la nyumba limezimwa tangu Mei. Unafungua maji ya moto uoshe vyombo, yanatoka vuguvugu, huku rejeta ya kupasha sebule ikipata moto. Wengi husema boila, mtambo wa gesi unaopasha maji na rejeta, imekufa. Mara nyingi boila ni nzima; kilichokwama ni vali ndogo iliyo ndani yake.

Boila ya kombi, iliyojaa katika nyumba za Uingereza, haina tangi la maji ya moto. Moto wake ni mmoja, kazi mbili: rejeta na bomba. Vali ya kugeuza mkondo ndiyo hugawa zamu, kama mifereji ya Uchagani: maji yakiwa zamu ya huyu, kwa jirani hufungwa. Ukifungua bomba, mota ndogo husukuma pini, njia ya rejeta hujifunga, na joto lote huenda kwenye maji unayotumia.

Pini ikikwama katikati, joto hugawanyika. Kisababishi huwa tope jeusi la kutu litokalo kwenye rejeta, raba iliyochakaa, au mota iliyoungua.

Jipimie hivi: zima joto la nyumba, acha mabomba yapoe, fungua maji ya moto kwa dakika chache, kisha gusa kwa tahadhari bomba liendalo kwenye rejeta. Likipata moto, vali haifungi.

Hapo mwite fundi. Usifungue boila mwenyewe. Sheria ya Uingereza inataka kazi ya gesi ifanywe na aliyesajiliwa Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi. Omba kitambulisho chake ukigeuze: nyuma zimeandikwa kazi anazoruhusiwa.

Fundi makini hakimbilii kukuuzia boila mpya. Huzima umeme, hung'oa mota, na kwenye aina nyingi huibonyeza pini kwa kidole. Ikizama na kurudi bila kusita, huenda tatizo ni mota tu. Ikigoma, humwaga maji, hubadilisha vali, kisha hujaza upya hadi geji isome kati ya bar 1 na 1.5.

Kabla hajaondoka, muulize maji aliyoyamwaga yalikuwa na rangi gani. Kama yalikuwa meusi, mabomba na rejeta visafishwe na dawa ya kuzuia kutu itiwe; la sivyo, tope lililoikwamisha vali ya zamani litaikuta na mpya.