Je, Wajua? Kunguru wa Kariakoo huhesabiwaje
Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Leo yuko hata kwenye soko la Kariakoo, Dar es Salaam, anadonoa vichwa vya dagaa huku mwenye meza akimtazama. Utamhesabuje? Njia moja: tuseme umekamata 200, ukawavisha pete, ukawaachia. Baadaye unakamata 150, na 10 kati yao wana pete. Makadirio ni 200 × 150 ÷ 10, yaani 3,000. Lakini kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake: aliyeshanaswa haukaribii mtego tena, wenye pete hawaonekani, na jibu linavimba kuliko kweli. Afadhali kusimama wakati wa magharibi karibu na miti wanakolala, uwahesabu wakiingia kundi kwa kundi, siku kadhaa mfululizo.