Upinde wa Mkamba na Adabu Yake

Kasikeu ni nchi ya vilima katika eneo bunge la Kilome, Kaunti ya Makueni, karibu na Sultan Hamud, mji wa reli na barabara kuu ya Mombasa. Ng'ambo ya reli zinaanza mbuga za Wamaasai wa Kajiado. Katika karne ya 19 Wakamba wa ukingo huu waliishi kwa kujihadhari: ng'ombe waliweza kuporwa usiku mmoja, na ukame nao ulirudi kila baada ya miaka michache. Mmaasai alishika mkuki na ngao. Mkamba alitegemea upinde na mshale wa sumu, na mwanamume asiye nao hakuhesabiwa kuwa mlinzi wa zizi wala wa watoto.

Silaha hiyo ilitengenezwa na mwenyewe. Kazi ilifanyika *thome*, kiwanja cha wanaume nje ya boma, penye moto na viti vya wazee. Mti uliopendwa kwa upinde ni wa jamii ya mkole, unaopindika bila kuvunjika. Fundi aliuchonga polepole, akaupasha moto na kuunyoosha, akaupaka mafuta, kisha akaufunga ugwe wa kano za mnyama. Mshale ulikatwa kwa kipimo cha mkono wa atakayeuvuta, kwa hiyo wa kaka haukumfaa mdogo wake. Nyuma uliwekwa manyoya ya tumbusi ili uende sawa. Chembe cha chuma kilitoka kwa mhunzi, na hapo mwindaji alimtegemea mtu mwingine.

Ufundi mkubwa ulikuwa mbele ya mshale. Chembe kilifungwa kwenye kijiti kifupi kilichochomekwa katika wano, na sumu ilipakwa kwenye kijiti hicho. Mnyama akikimbia, wano ulianguka na kuokotwa kutumika tena, huku chembe na sumu vikibaki mwilini. Kijiti kilizungushiwa ukanda wa ngozi laini uliofunguliwa dakika ya mwisho tu. Ngozi ilizuia sumu isikauke na kupoteza nguvu, tena ilimkinga mwenye mshale asijichome.

Sumu yenyewe Wakamba huiita *ivai*, na hutoka kwa mti wa *kivai*, ambao Waswahili huuita msunguti. Ilipikwa mbali na nyumba, watoto hawakuruhusiwa kukaribia, na wapishi walikuwa wachache waliojulikana. Haikuharibu nyama: waliondoa sehemu iliyozunguka jeraha, nyama nyingine wakaila bila madhara, kwa sababu sumu hii hupenya kwa shida sana kupitia tumbo. Ikiingia kwenye damu, huushika moyo.

Nguvu hiyo ndiyo iliyowavuta wanasayansi. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitenga kemikali yake, ouabaini, kutoka kwa mti wa jamii hiyo, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kutibu moyo dhaifu. Jens Christian Skou wa Denmark, aliyegundua namna seli zinavyosukuma sodiamu na potasiamu, alitumia ouabaini hiyo hiyo kuthibitisha ugunduzi wake. Mwaka 1997 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wazee waliokaa thome hawakuijua seli, lakini walijua kiasi cha sumu na wakati wa kuitumia.

Hata hivyo, kilichofanya upinde kuwa mila, si chombo tu, ni adabu yake. Kila mwanamume aliweka alama yake kwenye mishale yake. Mnyama akipatikana amekufa mbali porini, alama ilikata ubishi juu ya aliyempiga, na nyama ikagawiwa kwa haki. Mshale ulioumiza mtu nao ulikuwa na mwenyewe, na ukoo wake ulipaswa kujibu. Katika *nzaiko*, jando la Wakamba, wavulana walipewa pinde ndogo na kumkabili kifaru wa mfano aliyetengenezwa na wakubwa wao. Msafara wa mawindo ulikuwa na kiongozi wake, *muthiani*, na neno lake halikupingwa porini. Hakuna aliyeachiwa silaha kabla ya kufundishwa kuijibia.

Adabu hiyo ndiyo iliyobeba biashara ya pembe za ndovu. Kivoi Mwendwa wa Kitui, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, aliongoza misafara iliyopeleka pembe pwani hadi alipouawa mwaka 1851 katika safari kuelekea mto Tana.

Mambo yaligeuka. Serikali ya kikoloni ilileta sheria za wanyamapori, na mwaka 1948 Tsavo ikawa hifadhi ya taifa. Nyika iliyowindwa na mababu ikawa marufuku. Katika operesheni za miaka ya 1950 dhidi ya ujangili, Wakamba na majirani zao Waliangulu wengi walifungwa, na mara nyingi alama kwenye mishale ndiyo iliyowataja. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya mwaka 2013 iliongeza adhabu. Tuseme wazi: marufuku hiyo ni ya haki. Ndovu na vifaru wamepungua mno, na hakuna mila inayostahili kulipiwa kwa kumaliza mnyama.

Lakini kuacha kuwinda hakukutulazimu kuacha ufundi. Kwa mfano, Marekani kuna watu wanaonunua bastola zilizoigwa kutoka kwa zile za mwaka 1873, wakajaza risasi zao wenyewe nyumbani, wakipima baruti kwa mizani ili iifae bastola yao. Hawawindi nazo kwa njaa. Wanahifadhi ujuzi wa babu zao na wanashindana kulenga shabaha. Sisi tuna ujuzi wa zamani zaidi ya huo, usiohitaji kiwanda, na tunauacha ufe pamoja na wazee wetu. Njia ipo: Shehzana Anwar, mpiga upinde, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki za Rio mwaka 2016. Mchezo wa upinde una nafasi kwa mtoto wa Kasikeu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mzee anayejua kuchonga upinde na aitwe shuleni, achonge mbele ya wanafunzi, na vijana wamrekodi kwa simu zao. Serikali ya kaunti na itenge uwanja wa kulenga shabaha, na msunguti uachwe ukue vichakani. Sumu ibaki maabara. Mishale iwe butu, na kila mtoto aweke alama yake kwenye mshale wake, ili ajifunze mapema kwamba kila anachokirusha atakijibia.