Kikamulio: neno, chombo na faida yake kwa afya

Kandokando ya mto Luberizi, wamama wakimaliza kufula, kazi ngumu inabaki: kukamula. Blanketi moja inaomba watu wawili. Mmoja anashika huku, mwingine kule, kila mmoja anasokota upande wake mpaka maji yatoke.

Chombo cha kufanya kazi hiyo pahali pa mikono kinaitwa kikamulio. Neno linatoka kwa "kukamua", ambalo katika bonde la Ruzizi wengi wanalitamka "kukamula", sawa vile "kufua" inakuwa "kufula". Ni kitendo kilekile cha kukamua maziwa ao machungwa. Kwa hiyo ni vizuri kusema "kikamulio cha nguo", ili mtu asifikiri ni cha matunda. Kwa Kifaransa ni essoreuse.

Kikamulio cha zamani kina magogo mawili ya mviringo, ya mbao ao mpira, yaliyobanana. Mtu anazungusha mkono wa chuma, nguo inapita katikati, maji yanabaki nyuma. Vidole viwe mbali, na vifungo vigumu vinaweza kuvunjika. Kile cha umeme kina pipa lenye matundu: linazunguka mbio na kurusha maji inje. Hata ndoo ya kupigia deki, yenye kibanio cha kitambaa juu, ni kikamulio.

Kwa nini jambo hili ni la maana? Nguo yenye maji mengi inachelewa kukauka, zaidi wakati wa mvua. Kuna nzi, wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga, anayependa kutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini ao chini. Mtu akivaa nguo hiyo, kadudu kanaingia katika ngozi na kuleta jipu lenye tundu. Watoto wachanga wanaumia sana, kwa sababu nepi zao zinafuliwa kila siku.

Basi, asiye na kikamulio afanye hivi: akunje shuka kwenye kamba ao tawi laini, aunganishe ncha mbili na kusokota. Sweta isisokotwe, itaharibika. Iviringishwe ndani ya kitambaa kikavu na kubinywa. Kisha nguo zianikwe juu ya kamba, kwenye jua, si kwenye majani. Zikikauka, zipigwe pasi ya moto pande zote, hata kwenye mishono. Moto wa pasi ndio unaua mayai.