Mstari wa Amri kwa Mtafiti wa Lugha: Stadi za Msingi za Kutunza Seva ya Data za Kiswahili

Ikisiri

Rekodi za mazungumzo, matini na kamusi zinazokusanywa na watafiti wa Kiswahili sasa huhifadhiwa katika seva ambazo watafiti wenyewe hawazijui. Makala haya yanafafanua stadi chache za mstari wa amri anazozihitaji mtafiti asiye mhandisi ili data hizo zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Yanatetea hoja kwamba stadi hizo ni sehemu ya mbinu za utafiti, na kwamba bajeti za miradi hazina budi kuzitambua hivyo.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mradi mmoja niliokuwa nikishiriki ulibaki na seva bila fundi. Mkataba wake ulikwisha na fedha za kuuhuisha hazikuwapo. Asubuhi moja seva ikakataa kupokea rekodi mpya kutoka kwa wasaidizi waliokuwa vijijini. Tulilaumu mtandao kwa siku mbili, kumbe diski ilikuwa imejaa. Amri moja ya herufi mbili ingetuambia hivyo kwa muda wa kufumba na kufumbua, lakini hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeijua. Makala haya yametokana na aibu hiyo.

2.0 Amri kama sentensi

Seva nyingi huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata desturi za Unix iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969. Kwa kawaida seva haina picha za kubofya. Mtumiaji huandika amri, nayo hujibu kwa maandishi. Mwanaisimu hapaswi kuona ugeni hapa. Amri ni sentensi katika hali ya kuamuru: kitenzi hutangulia, hufuatwa na vijalizo, kisha shamirisho. Katika ls -l rekodi, ls ni kitenzi cha kuorodhesha, -l inaeleza namna, na rekodi ni jina la folda inayoorodheshwa.

Tofauti ni kwamba msikilizaji huyu haulizi, “Una hakika?” Amri ya rm hufuta faili bila kulipeleka kwenye pipa la taka. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufuta chochote, mtu huandika pwd ili kujua yuko folda gani, kisha ls ili kuona kilichomo.

Mlango wa kuingilia ni ssh, programu iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Huyafumba mawasiliano yote yanapokuwa njiani. Kila mtafiti awe na akaunti yake na ufunguo wake. Nywila moja ya msimamizi mkuu ikigawiwa timu nzima, hakuna atakayejua ni nani aliyefuta nini.

3.0 Diski iliyojaa

Amri ya df -h huonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki katika kila diski. Du -sh ikifuatwa na jina la folda hueleza uzito wa folda hiyo. Kwa hizo mbili tulimpata mkosaji: si rekodi za sauti kama tulivyodhani, bali faili la kumbukumbu za mfumo lililokuwa likikua kimyakimya chini ya /var/log. Nililifuta. Nikaandika df -h tena, na diski ikawa imejaa vilevile.

Jambo hili huwachanganya wengi. Faili lililofutwa huendelea kushika nafasi yake maadamu kuna programu ambayo bado imelifungua. Jina limeondoka, mwili umebaki. Ndiyo maana du haikuliona tena ilhali df ililihesabu. Dawa ni kuiwasha upya programu husika kwa systemctl restart na jina lake. Kinga ya kudumu ni logrotate, ambayo huzungusha mafaili ya aina hii na kuyaondoa yaliyochakaa. Anayetaka kujua kwa nini programu inalalamika husoma kumbukumbu zake kwa journalctl -u na jina la programu hiyo.

4.0 Ruhusa na siri za watoa taarifa

Kila faili lina ruhusa za aina tatu: kusoma (4), kuandika (2) na kutekeleza (1). Hujumlishwa kwa mwenye faili, kwa kundi lake, kisha kwa wengine wote. Hivyo chmod 640 humruhusu mwenyewe kusoma na kuandika, kundi lake kusoma tu, na wengine kutofanya lolote. Nimewahi kukuta mahojiano yenye majina ya watoa taarifa yakiwa na 777, kwa sababu mtu alitaka “kosa liondoke.” Kosa liliondoka kweli, na ahadi ya usiri iliyotiwa saini na mtafiti ikaondoka nalo.

5.0 Ritifaa ya ng’ombe

Hapa Kiswahili kina tatizo lake mahususi. Grep, iliyoandikwa na Ken Thompson, hutafuta maneno ndani ya mafaili. Mtafiti akiandika grep ng'ombe matini.txt, seva haitatafuta kitu. Itaonyesha alama ya > na kusubiri. Imeichukua ritifaa kuwa ni mwanzo wa nukuu isiyofungwa. Hubonyezwa Ctrl na C kwa pamoja ili kutoka, kisha neno hutiwa ndani ya alama za mtajo.

Hata hivyo, programu za uchapaji mara nyingi huipinda ritifaa, nayo kwa kompyuta ni herufi tofauti na ile iliyonyooka. Anayetafuta umbo moja huyakosa maneno ya umbo la pili, na jedwali lake la marudio huwa la uongo bila yeye kujua. Katika seva iliyopangwa kusoma UTF-8, maumbo yote mawili hupatikana hivi:

grep -oi "ng['’]ombe" matini.txt | wc -l

Mstari wima ni bomba, lililoingizwa katika Unix mwaka 1973 kwa ushawishi wa Doug McIlroy: matokeo ya amri ya kwanza humiminwa katika ya pili. Kijalizo cha -o hutoa kila tokeo katika mstari wake, na wc -l huihesabu mistari hiyo. Wengi hutumia grep -c, ambayo huhesabu mistari ya faili lenyewe. Aya ndefu iliyoandikwa kwa mstari mmoja, ikiwa na ng’ombe watano, huhesabiwa moja.

6.0 Nakala rudufu na bajeti

Rsync hunakili kwenda seva nyingine mabadiliko tu, jambo lenye nafuu kubwa pale mtandao unapolipiwa kwa kipimo. Kijalizo chake cha --delete kina hatari: kilichofutwa huku kwa bahati mbaya hufutwa na kule pia. Itangulizwe -n, inayoonyesha kitakachotendeka bila kukitenda.

Kwa washauri wa sera, ombi ni dogo. Wafadhili hununua seva lakini hawalipii saa za kuitunza. Bajeti ya kila mradi unaohifadhi data itaje kwa majina watu wawili wenye uwezo wa kuingia katika seva, na itenge siku za kurejesha nakala kwa majaribio. Sisi hurejesha folda moja kila mwezi na kulinganisha mafaili kwa sha256sum. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, folda iliyorudi ilikuwa tupu.