Bami wa pande mbili za Ziwa Tanganyika

Ukisimama ufukweni Uvira, Kongo, jioni, taa za Bujumbura, Burundi, zinawaka ng'ambo ya maji. Pande zote mbili zimejua cheo cha mwami, yaani mfalme au mtawala wa kimila, ila kila upande umekipeleka njia yake.

Burundi, wafalme walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Chini yao walikuwa baganwa, wana na wajukuu wa wafalme, waliotawala vilima na kushindana wao kwa wao. Mwezi Gisabo alisalimu amri kwa Wajerumani mwaka 1903 huko Kiganda. Mwambutsa wa Nne alirithi kiti mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo. Mwanawe, Louis Rwagasore, alishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba akapigwa risasi hotelini kando ya ziwa. Ni hasara isiyosahaulika. Mwaka 1966 Ntare wa Tano alimwondoa baba yake, Mwambutsa. Novemba mwaka huohuo waziri mkuu wake, Micombero, akaufuta ufalme.

Uvira, mwami yupo bado. Bavira, Bafuliiru na Barundi wa bonde la Ruzizi wana tawala zao za kimila, na Katiba ya Kongo inazitambua.